Seva ndogo ya wavuti

Seva ndogo ya wavuti ni kompyuta iliyoachiwa programu zile tu zinazohitajika kuwapelekea wasomaji kurasa za tovuti. Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma, makao makuu ya kaunti yenye jina hilo, seva ya aina hii inaweza kuifaa shule, duka au chama cha ushirika, kwa kuwa hutosheka na mashine ya bei nafuu.

Muundo

Msingi wake huwa mfumo huria kama Debian (1993), unaowekwa bila madirisha wala michoro. Juu yake hukaa programu moja ya wavuti: Apache (1995), lighttpd (2003) au nginx (2004). Kurasa zisizotegemea hifadhidata hutolewa hata na Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa mwaka 2012.

Usalama

Programu ikiondolewa, kasoro zake huondoka nayo. Malango ya mtandao namba 80 na 443 huachwa wazi kwa wasomaji. Lango 22, la msimamizi, hukubali ufunguo wa kidijitali badala ya nywila. Vyeti vya usimbaji hutolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015, na kwa kuwa muda wake ni mfupi, seva huvihuisha yenyewe. Udogo, hata hivyo, haukingi dhidi ya mafuriko ya maombi kama yale yaliyotatiza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, Julai 2023.

Mahali pa kuiweka

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na mkongo wa taifa, NOFBI, ukaunganisha makao makuu ya kaunti. Kikwazo kimoja kilichobaki ni anwani: mitandao ya simu kwa kawaida huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo seva iliyo nyuma ya rauta ya simu haifikiki kutoka nje. Mwenye tovuti hulipia anwani ya kudumu na kununua betri ya akiba kwa ajili ya stima inapopotea, au hukodi seva pepe Nairobi, karibu na kituo cha KIXP ambapo mitandao ya Kenya hubadilishana data humu nchini. Wasomaji wakiwa shule moja tu, seva hubaki shuleni bila intaneti.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humbana anayekusanya majina na namba za simu. Tovuti isiyoomba taarifa hizo hupunguza mzigo huo.