Kulika

Soli ya kiatu hulika. Kisu hulika kwa kunolewa. Kitenzi hiki ndicho kinachoifaa injini ya ioni ya vyombo vya angani. Mmomonyoko nauachia udongo.

Injini hiyo husukuma chombo kwa kurusha ioni za gesi ya zenoni kupitia nyavu mbili zenye umeme. Msukumo wake ni mdogo, kama uzito wa karatasi kiganjani, kwa hiyo hulazimika kufanya kazi kwa miezi na miaka. Humo ndimo inamolika. Ioni zinazokimbia hunyakua elektroni za atomi zilizo jirani; atomi hizo, zikiwa sasa ni ioni za polepole, huvutwa na wavu wa pili, huugonga na kuubandua chembe kwa chembe, mpaka matundu yapanuke.

Injini ya akiba ya chombo cha Deep Space 1, yenye nyavu za molibdeni, ilijaribiwa na NASA kwa saa 30,352 hadi 2003. Mwaka huohuo Japani ilirusha chombo cha Hayabusa, nyavu za injini zake zikiwa za kaboni. Nayo kaboni hulika, ila polepole zaidi, na huo ndio ubora wake.