Tuzo ya Goncourt na Mipaka ya Riwaya ya Kifaransa: Kutoka Maran (1921) hadi Sarr (2021)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Tuzo ya Goncourt, tuzo ya fasihi yenye sauti kubwa kuliko zote nchini Ufaransa, kwa kuzingatia nafasi ya waandishi wenye asili ya Afrika na visiwa vya Karibi. Hoja kuu ni kwamba tuzo hiyo haikuwa mizani ya kupimia ubora wa riwaya tu, bali pia ilikuwa chombo cha kuchora mipaka ya kile kinachohesabiwa kuwa riwaya ya Kifaransa. Makala yanaonesha kwamba mwandishi wa pembezoni alipotunukiwa, mjadala ulihama upesi kutoka kwenye matini na kumwelekea mtu aliyeiandika. Sehemu ya mwisho inadokeza funzo linaloweza kupatikana kwa upande wa tuzo za fasihi ya Kiswahili.

Utangulizi

Mnamo Desemba 1921, Akademia ya Goncourt ilimtunuku René Maran kwa riwaya yake Batouala. Maran, aliyezaliwa mwaka 1887 na wazazi wenye asili ya Guyana ya Kifaransa, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Oubangui-Chari, eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Miaka 100 baadaye, Novemba 2021, Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali akawa mwandishi wa kwanza kutoka Afrika Kusini mwa Sahara kuipata. Ni rahisi kuzisoma tarehe hizi mbili kama mwanzo na mwisho wa safari moja ya maendeleo: mlango uliofunguliwa kidogo hatimaye umefunguliwa wote. Usomaji huo unavutia, lakini hauungwi mkono na historia yenyewe. Ili kuelewa kilichotokea kati ya miaka hiyo, inafaa kuanza na asasi yenyewe.

Wasia uliozaa asasi

Edmond de Goncourt (1822–1896) na mdogo wake Jules (1830–1870) waliandika riwaya kwa ubia, na kwa miaka mingi waliweka shajara iliyorekodi maisha ya waandishi wa Paris. Edmond alipofariki, wasia wake uliagiza mali yake itumike kuanzisha akademia ya waandishi kumi. Kila mmoja angelipwa posho ya mwaka, na wote kwa pamoja wangetoa tuzo ya faranga 5,000 kwa kitabu bora cha nathari ya kubuni kilichochapishwa mwaka huo. Nia yake ilikuwa kuwasaidia vijana wenye kipaji kipya na ujasiri wa fikra na umbo.

Wasia huo ulikuwa pia tamko la upinzani. Académie française, iliyoanzishwa mwaka 1635 ikiwa na viti 40, ilikuwa imewapuuza wanariwaya wakubwa wa karne ya 19. Balzac na Flaubert hawakuwahi kuingia humo. Edmond aliagiza kwamba yeyote aliye mwanachama wa Académie française asiwe mwanachama wa akademia yake. Kwa maneno mengine, Goncourt ilizaliwa kama asasi ya waliokataliwa, ikiitetea riwaya dhidi ya tanzu zilizopewa hadhi ya juu zaidi.

Ndugu wa marehemu waliupinga wasia huo mahakamani. Miongoni mwa mawakili walioutetea alikuwamo Raymond Poincaré, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Ufaransa. Baada ya miaka kadhaa ya mashauri, akademia ilipata uhalali wake kisheria, na tuzo ya kwanza ikatolewa Desemba 1903 kwa John-Antoine Nau kwa riwaya yake Force ennemie. Jina hilo leo halikumbukwi na wengi, na ukweli huo pekee unatosha kuonya kwamba tuzo haihakikishi umaarufu wa kudumu.

Meza, majaji na soko

Asasi ya waliokataliwa haikuchelewa kuwakataa wengine. Mwaka 1904 majaji, wote wanaume, walimnyima tuzo Myriam Harry aliyekuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Waandishi wanawake wa jarida la La Vie heureuse wakaanzisha tuzo yao wenyewe, ambayo leo inajulikana kama Femina, na mshindi wake wa kwanza akawa Harry huyo huyo. Mwanamke wa kwanza kupata Goncourt alikuwa Elsa Triolet, mzaliwa wa Urusi, aliyepewa mwaka 1945 tuzo ya mwaka 1944. Vivyo hivyo, tuzo ya Renaudot ilianzishwa mwaka 1926 na waandishi wa habari na wahakiki waliokuwa wakisubiri majaji wa Goncourt wamalize mlo wao. Hadi leo tuzo hizo mbili hutangazwa siku moja katika mkahawa wa Drouant jijini Paris, ambako akademia imekuwa ikikutana tangu mwaka 1914.

Thamani ya fedha ya tuzo ililiwa na mfumuko wa bei, na sasa mshindi hupewa hundi ya euro 10. Thamani halisi iko sokoni: kitabu kilichoshinda kwa kawaida huuzwa nakala mamia ya maelfu. Nguvu hiyo ya soko ilionekana mapema. Mwaka 1919 Marcel Proust alimshinda Roland Dorgelès kwa kura sita dhidi ya nne. Wengi walilalamika kwamba Proust, aliyekuwa na umri wa miaka 48 na mali ya kumtosha, hakuwa kijana aliyekusudiwa na wasia, ilhali Dorgelès alikuwa ameandika riwaya ya vita alivyopigana mwenyewe. Mchapishaji wa Dorgelès alikifunga kitabu chake kwa utepe uliotaja tuzo kwa herufi kubwa na kura nne kwa herufi ndogo, jambo lililofika mahakamani.

Kwa miongo mingi nyumba chache za uchapishaji, hasa Gallimard, Grasset na Le Seuil, zilitawala orodha ya washindi, hata majina yao yakaunganishwa kuwa neno moja la kejeli: Galligrasseuil. Julien Gracq, aliyekuwa ameandika kijitabu cha kuushambulia ulimwengu huo mwaka 1950, aliikataa tuzo alipopewa mwaka 1951. Mwaka 2008 akademia iliamua kwamba jaji asiwe mwajiriwa wa nyumba ya uchapishaji. Kanuni hiyo ilikuja zaidi ya karne moja baada ya tuzo ya kwanza.

Batouala: matini na mwandishi wake

Ni katika muktadha huu ambapo tukio la 1921 linapaswa kusomwa. Kura ziligawanyika, na Batouala ikapita kwa shida. Riwaya yenyewe inasimulia maisha ya mtawala wa kijadi wa Wabanda, wivu wake, sherehe za jamii yake na kifo chake. Simulizi inayachukua maneno ya Kibanda na kuyaweka ndani ya Kifaransa sanifu cha kifasihi, tena kilichopambwa sana. Wakoloni wanaonekana kupitia macho ya watawaliwa, nao hawaonekani vizuri. Hata hivyo, kilichozua tufani zaidi ni dibaji, ambamo Maran aliushutumu waziwazi utawala wa kikoloni na kuwataka waandishi wenzake wa Ufaransa wausemee ukweli huo.

Matokeo yake yanafundisha. Wapinzani hawakujishughulisha sana na muundo wa riwaya wala lugha yake. Walihoji uaminifu wa mwandishi kwa dola iliyomwajiri. Kitabu kilipigwa marufuku katika makoloni ya Afrika, na Maran akaacha utumishi na kuishi kwa kalamu yake hadi alipofariki mwaka 1960. Hapa kuna kinaya kisichopaswa kufichwa. Maran hakuidai Afrika kama taifa lake. Alijihesabu kuwa Mfaransa aliyetaka Ufaransa itimize maadili yake. Tuzo ilimkubali kama mwandishi wa Kifaransa, nayo dola ikamwona kama mtu mweusi aliyevuka mpaka. Akademia ingeweza kuitunuku matini, lakini haikuwa na uwezo wa kumlinda aliyeitunga.

Kutoka tuhuma ya usaliti hadi tuhuma ya wizi

Kisa cha pili kinahusu Renaudot, lakini mantiki yake ni ile ile. Mwaka 1968 Yambo Ouologuem wa Mali aliipata tuzo hiyo kwa riwaya Le Devoir de violence. Wahakiki walimsifu kama sauti halisi ya Afrika. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba riwaya hiyo ilikuwa na vifungu vilivyofanana mno na maandishi ya Graham Greene na ya André Schwarz-Bart, ambaye mwenyewe alikuwa mshindi wa Goncourt ya 1959. Ouologuem alituhumiwa wizi wa maandishi, kitabu kikaondolewa sokoni, naye akarudi Mali na kujitenga na ulimwengu wa fasihi hadi kifo chake mwaka 2017.

Swali la haki za mwandishi aliyenakiliwa ni la msingi, wala halifutiki kwa sababu ya asili ya anayetuhumiwa. Lakini ukali wa hukumu hauelezeki kwa swali hilo peke yake. Aliyesifiwa kwa uhalisi wa Kiafrika alionekana kuwa amewadanganya waliomsifu, kwa kuwa maktaba yake ilikuwa ya Ulaya. Sifa na lawama zote zilitoka kwenye dhana moja: kwamba mwandishi wa Afrika hushuhudia, hatungi. Romain Gary aliipata Goncourt mwaka 1956, kisha akaipata tena mwaka 1975 kwa jina la bandia la Émile Ajar, kinyume cha kanuni inayozuia mtu kutunukiwa mara mbili. Ukweli ulipojulikana baada ya kifo chake, udanganyifu huo ulipokewa na wengi kama ustadi. Visa hivi viwili havilingani kisheria, lakini vinaonesha kwamba mchezo wa utambulisho haukuruhusiwa kwa wote kwa kiwango kimoja.

Lugha ndani ya lugha

Mabadiliko ya kweli yalijitokeza kwanza katika lugha ya riwaya, si katika orodha ya washindi. Riwaya ya kwanza ya Ahmadou Kourouma wa Kodivaa, iliyokipinda Kifaransa kwa mahadhi ya Kimalinke, ilichapishwa Montréal mwaka 1968 kabla ya kuchapishwa Paris mwaka 1970. Alipopata Renaudot mwaka 2000 kwa Allah n'est pas obligé, msimulizi wake, mtoto askari aitwaye Birahima, alikuwa na kamusi nne mkononi. Anawaeleza Waafrika maneno ya Kifaransa, na kuwaeleza Wafaransa maneno ya Afrika. Kwa Maran, ni neno la Kiafrika ndilo lililohitaji kufafanuliwa. Kwa Kourouma, kila upande ni mgeni kwa mwenzake. Patrick Chamoiseau wa Martinique, mshindi wa Goncourt ya 1992 kwa Texaco, alifanya jambo la jamaa na hilo kwa kuchanganya Kifaransa na Krioli.

Mwaka 2006 tuzo kadhaa kubwa zilikwenda kwa waandishi waliozaliwa nje ya Ufaransa, akiwamo Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville aliyepata Renaudot. Machi 2007 waandishi 44 walitoa ilani katika gazeti la Le Monde, wakidai kwamba umefika wakati wa fasihi ya ulimwengu kwa Kifaransa, isiyo na kitovu kimoja. Orodha ya Renaudot iliwafikia pia majirani wa Waswahili: Scholastique Mukasonga wa Rwanda mwaka 2012, na Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, mwaka 2024.

Riwaya ya Sarr, La plus secrète mémoire des hommes, inasimama juu ya historia hii yote. Imetabarukiwa kwa Ouologuem, na inamfuata mwandishi wa kubuni, T. C. Elimane, aliyesifiwa Paris mwaka 1938, akatuhumiwa wizi wa maandishi, kisha akatoweka. Sarr anaigeuza hukumu iliyomnyamazisha Ouologuem kuwa kiini cha utunzi. Vilevile, kitabu kilichapishwa kwa ubia kati ya Philippe Rey wa Paris na Jimsaan wa Dakar. Nyumba zote mbili ni ndogo, na jambo hilo lina uzito katika historia ya tuzo iliyotawaliwa na wachapishaji wakubwa.

Funzo kwa fasihi ya Kiswahili

Mwaka huo huo wa 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Ni baada ya hapo tu ambapo riwaya yake Paradise iliwafikia wasomaji kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Sarr na Gurnah walitambuliwa katika lugha za waliotawala. Wasomaji wa lugha za nyumbani wanasubiri mfasiri.

Tuzo za Kiswahili zimeanza mahali tofauti. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa sababu tatizo la mtunzi wa Kiswahili mara nyingi ni kumpata mchapishaji kabla ya kumpata msomaji. Goncourt hutoa euro 10 na soko hutoa kilichobaki; tuzo ya Kiswahili hutoa fedha, ilhali soko halijawa tayari kuitikia. Kuiga fahari ya Drouant bila mtandao wa wachapishaji, maduka ya vitabu, maktaba na uhakiki ni kujenga paa pasipo kuta.

Hitimisho

Historia ya Tuzo ya Goncourt haioneshi mlango uliofunguka polepole. Inaonesha asasi iliyoanzishwa kwa jina la waliokataliwa, ikajenga mipaka yake, na ikalazimishwa mara kwa mara kuichora upya na wale iliowaacha nje. Maran alihukumiwa kwa uaminifu wake, Ouologuem kwa uhalisi wake. Kwa Sarr, hukumu zenyewe ndizo zilizowekwa kizimbani. Hivyo basi, mtafiti wa tuzo za fasihi, za Kifaransa au za Kiswahili, hana budi kuuliza zaidi ya jina la aliyeshinda. Anapaswa kuuliza ni nani aliyeketi mezani, ni nani aliyechapisha, kitabu kilisomwa wapi na kwa lugha gani, na mtunzi alifikwa na nini baada ya makofi kutulia.