Foklifti Kazini: Mizani Inayolinda Uhai wa Dereva

Foklifti ni gari fupi lenye meno mawili ya chuma mbele, litumikalo kunyanyua na kupanga mizigo bandarini, viwandani na katika maghala. Mwendo wake ni wa polepole, hivyo wengi hulidharau. Hata hivyo, linapopinduka huweza kumuua dereva wake papo hapo.

Foklifti hufanya kazi kama mizani. Egemeo lake ni magurudumu ya mbele: mbele hukaa mzigo, na nyuma hukaa chuma kizito cha kuusawazisha. Ndiyo maana foklifti yenye uwezo wa kunyanyua tani 2.5 huwa yenyewe na uzito wa takriban tani 3.5 hadi 4. Uwezo huo, ulioandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, kwa kawaida hupimwa kwa mzigo ambao kitovu chake cha uzito kiko milimita 500 kutoka shina la meno. Mzigo ukiwa mrefu zaidi, uwezo hupungua, hata kama uzito ni uleule.

Kwa sababu hiyo, mzigo husafirishwa ukiwa chini, takriban sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, na mlingoti ukiwa umelazwa nyuma kidogo. Dereva hapaswi kukata kona ilhali mzigo uko juu. Kwenye mteremko, mzigo hubaki upande wa juu: dereva hupanda akienda mbele, na hushuka kinyumenyume. Aidha, foklifti hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hufagia eneo pana. Waendao kwa miguu watengewe njia yao, na asiwepo yeyote chini ya meno yaliyoinuliwa.

Foklifti ya kukaa ikianza kulala ubavu, silka humtuma dereva aruke. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani paa la kinga humwangukia na kumbana chini. Anapaswa kubaki kitini akiwa amefunga mkanda, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na kuegemea upande ulio kinyume na ule gari linakoangukia.

Sheria za usalama na afya kazini za Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya 2006 na Kenya ya 2007 humtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na mafunzo ni sehemu ya wajibu huo. Kabla ya zamu, dereva hukagua breki, honi, matairi, minyororo na uvujaji wa mafuta. Akikuta breki mbovu, huliegesha gari, huondoa ufunguo na kumwarifu msimamizi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi, asiadhibiwe kwa kufanya hivyo.