Neno "refugee" lilitoka Ufaransa

Mtu wa Fizi, Uvira ao Masisi anayevuka mpaka na kufika Nakivale, kule Uganda, anakuta ofisi zinaandika kwa Kiingereza. Neno moja la kwanza analopewa ni "refugee", mkimbizi. Wengi wanalipokea kama neno geni kabisa, kumbe aliyesoma shule Kongo alikuwa nalo tayari. Ni "réfugié" ya Kifaransa.

Neno hilo lilifika Uingereza pamoja na wakimbizi wenyewe. Mwaka wa 1598 mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alitoa Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kusali kwa namna yao. Mwaka wa 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta. Wachungaji walifukuzwa, mahekalu yakabomolewa, na waumini wa kawaida wakakatazwa kutoka nchini. Walitoroka hata hivyo. Makumi ya maelfu waliingia Uingereza, na wafumaji wengi wa hariri wakakaa Spitalfields, mtaa wa London. Waingereza wakachukua jina lao la Kifaransa na kuwaita hivyo.

Lakini Kifaransa kilikuwa kimeingia kisiwa hicho zamani zaidi, tena kwa upanga. Oktoba 1066 William, mtawala wa Normandy, alishinda vita vya Hastings, na siku ya Noeli akavikwa taji. Kwa miaka karibu 300 wakubwa walisema Kifaransa, mkulima akabaki na Kiingereza chake. Ndiyo sababu maneno ya nyumbani, kama "water", "bread", "house" na "mother", ni ya Kiingereza cha zamani, na maneno ya utawala, kama "court", "judge", "prison" na "tax", yalitoka Kifaransa. Hata ng'ombe ana majina mawili: malishoni ni "cow", kwenye sahani ni "beef", yaani "boeuf". Kiswahili nacho kiko hivyo: maji na nyumba ni maneno ya Kibantu, sheria na hakimu yalitoka Kiarabu.

Mwaka wa 1362 tu ndipo sheria iliagiza kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia hawakuelewa yanayosemwa juu yao mahakamani. Mkimbizi anayekaa mbele ya karani bila mkalimani anaijua hali hiyo vizuri.

Basi Kifaransa cha shule kinasaidia sana. Hatari ni kwamba maneno yaliyovuka bahari yalibadilika njiani. "Assister à" kwa Kifaransa ni kuwapo na kuona. "To assist" kwa Kiingereza cha leo ni kusaidia. Anayetaka kueleza katika mahojiano kwamba aliona nyumba za jirani zikichomwa, akijenga sentensi yake juu ya Kifaransa, atasikika kama mtu aliyesaidia kuzichoma. Neno salama ni "I saw", niliona.

"Parents" nalo linaharibu karatasi za familia. Kwa Kifaransa linaweza kubeba wajomba, shangazi na ukoo mzima. Kwa Kiingereza ni baba na mama peke yao, na hao wengine ni "relatives". "Demander" ni kuomba ao kuuliza, lakini "to demand" ni kudai kwa ukali. Mama anayeomba sabuni kwa neno hilo ataonekana mgomvi bure. "Attendre" ni kungoja, "to attend" ni kuhudhuria.

Na "refugee" lenyewe lilipata mpaka wake. Katika Mkataba wa Geneva wa 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake. Aliyekimbia kijiji akabaki ndani ya Kongo anaitwa "internally displaced person", na Umoja wa Afrika ulimwandikia mkataba wake Kampala mwaka wa 2009. Kwa hiyo mama aliyetoka Masisi, akakaa miezi kambini pembeni ya Goma, kisha akavukia Bunagana, ana tarehe mbili za kutaja ofisini: siku aliyoacha nyumba yake, alipokuwa "displaced", na siku aliyovuka mpaka, alipokuwa "refugee".