Kutoka Kisasili hadi Muswada wa Sheria

Wapo wanaouona ufupisho kuwa adhabu ya somo la lugha: mwanafunzi hupewa habari ndefu, huambiwa aieleze kwa maneno machache, hupewa alama, basi. Historia ya elimu ya Kigiriki inanishawishi vinginevyo.

Katika karne ya 1, Quintilian, mwalimu wa ufasaha mjini Roma, alishauri watoto waanze na hekaya za Aesop, wazisimulie kwa lugha nyepesi, kisha waziandike. Baadaye wangefumua mashairi na kuyaeleza kwa maneno yao wenyewe, wakifupisha hapa na kupamba pale, mradi maana ya mshairi isipotee.

Katika karne ya 4, Aphthonius wa Antiokia aliandika kwa Kigiriki kitabu cha mazoezi 14 yaliyopangwa kama ngazi. Simulizi, alisema, lina mambo 6: nani alitenda, alitenda nini, lini, wapi, vipi na kwa nini. Mfano wake ni wekundu wa waridi. Ares, kwa wivu, alimshambulia Adonis. Aphrodite, akikimbilia kumwokoa, alichomwa mguu na miiba ya mwaridi, na damu yake ikaligeuza ua jeupe kuwa jekundu. Kisasili kizima kinakwisha kwa sentensi chache.

Lakini ngazi haikuishia hapo. Kisasili cha Daphne, binti aliyefukuzwa na mungu Apollo hadi akageuka mti, Aphthonius alikitumia mara mbili. Kwanza alikipinga: je, kinaeleweka? Kinasadikika? Kinawezekana? Kisha, katika zoezi lililofuata, alikitetea kisasili kilekile. Zoezi la 14, la mwisho kabisa, lilikuwa kujadili sheria inayopendekezwa. Kijana aliyeanza kwa kufupisha ngano alimalizia kwa kuipima sheria.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Shule hizo zilikuwa hasa za wavulana wa familia zenye uwezo; watumwa na wasichana walio wengi walibaki nje. Tena, miongoni mwa mazoezi hayo 14 limo la kutunga sifa, na stadi hiyo ilifaa sana katika kuwasifu watawala. Ufasaha haumfanyi mtu kuwa jasiri.

Hata hivyo, mpangilio ule unatudai jibu. Katika shule zetu za sekondari ufupisho tunaufundisha na kuutahini, lakini mara nyingi tunaishia kwenye ngazi ya kwanza. Mtumishi wa umma anayemfupishia mkuu wake ripoti ndefu, na mwanaharakati anayewaeleza wanakijiji muswada wa ardhi, wote huamua kitakachosikika na kitakachoachwa. Uamuzi huo ni mamlaka. Asiyefundishwa kuuliza kilichoachwa, na kwa nini kimeachwa, atatawaliwa na mihtasari ya wengine.