Herufi za Kisenyi na Herufi za Wacherokee

Mwanafunzi wa Kiswahili anayepita Kisenyi, mtaa ulio katikati ya jiji la Kampala, huona juu ya milango ya maduka na mikahawa majina yanayomshangaza: Cali, Xasan, Maxamed. Akiyasoma kwa tahajia ya Kiswahili, hukwama. Kumbe ni Ali, Hasan na Muhamadi. Katika Kisomali, herufi C husimama badala ya ‘ain’ ya Kiarabu, na X badala ya ‘ha’ itokayo kooni. Nyuma ya herufi hizo mbili kuna historia ambayo kila mpenda lugha anapaswa kuijua.

Kwa karne nyingi Wasomali walisifika kwa ushairi uliohifadhiwa kichwani, huku wasomi wao wakiandika kwa Kiarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Osman Yusuf Kenadid, mtu wa ukoo wa masultani wa Hobyo, alibuni herufi mpya kabisa kwa ajili ya Kisomali. Herufi hizo huitwa Osmanya. Hazikuwa za Kiarabu wala za Kilatini, na wazalendo wengi walizipenda. Hata hivyo, wengine waliziona kuwa ni za ukoo mmoja, wengine walitaka hati ya Kiarabu kwa sababu ya dini, na wengine walitaka ya Kilatini kwa urahisi wa uchapaji. Uhuru ulipatikana mwaka 1960, lakini ubishi haukwisha, na ofisi za serikali ziliendelea kutumia Kiitaliano, Kiingereza na Kiarabu. Hatimaye, tarehe 21 Oktoba 1972, serikali ilitangaza hati ya Kilatini. Mwaka 1974 maelfu ya wanafunzi wa sekondari walipelekwa vijijini na malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika lugha yao wenyewe. Dola hiyo ilipoanguka mwaka 1991, watu walitawanyika, wengi wao wakafika Kampala. Waliacha nyumba na mifugo, lakini herufi zao walikuja nazo.

Mkasa unaofanana na huu ulitokea Marekani miaka mia moja kabla ya Osmanya. Wacherokee ni taifa la wenyeji waliokuwa wakiishi kusini-mashariki mwa nchi ile. Miongoni mwao alikuwapo Sequoyah, fundi wa fedha asiyejua kusoma Kiingereza. Aliwaona wazungu wakizungumza kwa karatasi, akaamini kwamba watu wake nao wanaweza. Kufikia mwaka 1821 alikuwa amekamilisha alama zake, ambazo baadaye zilibaki 85. Kila alama ni silabi nzima, kana kwamba sisi tungekuwa na alama moja ya ‘ba’ na nyingine ya ‘be’. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake. Katika miaka michache tu Wacherokee wengi walijua kusoma. Mwaka 1827 walijiandikia katiba, na mwaka 1828 wakaanzisha gazeti la lugha mbili, Cherokee Phoenix.

Je, herufi ziliwaokoa? Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazikuwa na nguvu katika ardhi yao. Hata hivyo, mwaka 1838 walifukuzwa kwa mtutu wa bunduki hadi magharibi ya mbali, na inakadiriwa kuwa watu 4,000 walikufa. Baadaye watoto wao wengi walipelekwa katika shule za bweni, ambamo waliadhibiwa kwa kusema lugha yao. Mwaka 2019 viongozi wa Wacherokee walitangaza hali ya dharura ya lugha: wasemaji wazawa walikuwa wamebaki kama 2,000 tu, wengi wao wazee.

Somo lililopo ni zito. Herufi huhifadhi maneno, lakini lugha huishi katika kinywa cha mtoto. Mzazi anaposema kwa lugha yake na mtoto akamjibu kwa nyingine, kitabu hakiwezi kuziba pengo hilo. Mtoto wa Kisomali wa Kisenyi husikia Kisomali nyumbani, Kiluganda mtaani, Kiingereza shuleni na Kiarabu madrasani, nasi walimu tunamwongezea Kiswahili. Ipi itakuwa ya kwanza kuachwa?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kudumisha na kukuza utamaduni na lugha yake. Wasomali hawamo katika Jedwali la Tatu la Katiba, linalotaja jamii za wenyeji waliokuwapo nchini tarehe 1 Februari 1926. Lakini ibara ya 37 inasema ‘kila mtu’. Haisemi ‘kila aliyetajwa katika jedwali’. Raia mwema huijua tofauti hiyo na huitetea.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunafurahi, lakini tusijivune. Huko Barawa, pwani ya Somalia, kuna Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ambayo wasemaji wake nao walitawanywa na vita. Kwa hiyo hata ndugu zetu katika lugha hii wanaijua hofu ya Wacherokee. Anayejifunza Kiswahili hana haja ya kuitupa lugha ya mama yake, na mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kuisema anarudia kosa la zile shule za bweni.

Zoezi la wiki hii ni fupi. Mwendee jirani mzee ambaye lugha yake si yako, umwamkie kwa adabu, kisha umwombe maneno kumi. Yaandike jinsi anavyoyaandika yeye. Ukimpata Msomali, huenda akakupa sokor, saabuun na caafimaad. Tafuta mwenyewe ndugu zake katika Kiswahili.