Harusi Yako Haitakupunguzia Kodi, na Haikuanza Leo

Kila msimu wa harusi swali hili lazima linifikie: hizi laki nane za tenti, keki na DJ, si KRA wanipunguzie kitu kidogo? Jibu ni zii. Sheria ya kodi ya mapato inakubali gharama uliyotumia kutafuta mapato, basi. Kulisha wajomba pilau si kutafuta mapato, hata kama mmoja wao amekuahidi kazi. Tena bili ya ukumbi mara nyingi imebeba VAT ya asilimia 16.

Lakini wasee, kinachonishangaza ni vile tunadhani serikali huona ndoa kama mzigo wa kuhurumiwa. Cheki historia. Waingereza kwao walipitisha sheria mwaka wa 1695 ya kutoza ndoa, uzazi na mazishi ili kulipia vita na Ufaransa. Mabachela wa zaidi ya miaka 25 nao wakatozwa. Yaani uoe ulipe, usioe ulipe.

Huku kwetu kodi ya nyumba ilikuja 1901. Shuleni tuliikariri tukapita, lakini hebu fikiria. Kwa Wakikuyu, Waluo na wengine wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake. Ukihesabu nyumba umehesabu wake. Mzee wa wake watatu alilipa mara tatu, na alilipa kwa rupia. Rupia hazimei shambani. Ilibidi uuze mbuzi, ama kijana wako aende kufanyia mzungu kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa nia, kwa sababu walowezi walitaka vibarua. Watu wakaanza kubanana chini ya paa moja ili nyumba za kuhesabiwa zipungue. Vijana wasio na nyumba walikuwa bado wanaponyoka, ndio 1910 ikaja kodi ya kichwa. Sasa kijana hata kabla ya kuoa anadaiwa, na mahari na kodi zinagombania mfuko mmoja. Harry Thuku alipokamatwa Nairobi Machi 1922, kodi ilikuwa kati ya malalamiko makubwa ya watu wake. Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele kwenye umati uliodai aachiliwe, na alipigwa risasi akafa.

Baada ya uhuru? Sheria ya 1973 ilisema mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ya mume. Mama anaamka saa kumi na moja kwenda kazini, halafu kwa karatasi ni kama hana chake. Enzi hizo kulikuwa pia na nafuu ya kodi ya wenye familia, kubwa kuliko ya bachela. Kwa hivyo ndio, kuna wakati ndoa ilipunguza kodi Kenya, ila ilipunguza ya baba. Siku hizi nafuu ni 2,400 kwa mwezi kwa kila mkaazi, uwe umeoa ama hujaoa. Mimi naona hiyo ni haki zaidi, hata kama bwana harusi amenuna.

Kama mnataka kupunguza kodi kweli, angalieni kwingine. Riba ya mkopo wa nyumba mnayoishi hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi, hadi 360,000 kwa mwaka. Bima ya maisha ama ya afya inakupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, isizidi 60,000 kwa mwaka. Mkopo wa tenti nao, riba yake ni yenu wawili pekee yenu, na tenti yenyewe inarudishwa Jumapili asubuhi.